Barakoa ya usingizi haitaki dawa ya madoa

Mzee jirani yangu alibisha hodi juzi baada ya magharibi, barakoa yake, ile ya puani inayounganishwa na mashine ya kusukuma hewa mtu akilala, ameifunga kwenye kitambaa kama mtu aliyebeba mayai.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwalimu. Hebu nitazamie kidude hiki. Kinapiga mluzi usiku kucha, bi mkubwa kahamia chumba cha wajukuu."

Kabla sijaiona niliinusa. Dawa ya kutolea madoa ya nguo, ile ya klorini, kali kama choo cha stendi kilichomwagiwa asubuhi. Silikoni ikiwa mpya huwa angavu kama kioo. Hii ilikuwa imegeuka rangi ya tui. Nilipoukunja ukingo wake kwa kidole gumba, nyufa ndogo zikafunguka kama udongo wa jaruba lililokauka. Nikamuuliza anaioshaje. Akajibu kwa fahari kabisa kwamba anairoweka kwenye dawa kila asubuhi mpaka adhuhuri, kisha anaianika juani, juu ya paa la banda la kuku.

Nilikosa la kumwambia. Mzee huyu ni msafi kuliko mtaa mzima wa Ngamiani, hapa Tanga, na usafi wake ndio ulioiua barakoa.

Nami navaa barakoa kama hiyo, mwaka wa nne sasa, na mwanzoni nilifanya mengi ya hayo aliyoyafanya yeye. Kinachotuchanganya ni kwamba tunasema "uchafu" kana kwamba ni kitu kimoja. Kwenye barakoa na mashine yake kuna uchafu wa aina tatu: mafuta ya uso, chumvi za maji, na kuvu wanaoletwa na unyevu. Kila mmoja una dawa yake, na dawa ya mmoja mara nyingi haiufanyi mwingine kitu. Ile ya madoa haimo katika tiba ya hata mmoja.

Kwa asiyejua tunazungumzia nini: kuna watu ambao wakilala, nyama laini za koo hulegea zikaziba njia ya hewa. Mtu anakoroma, kisha kimya, kisha anashtuka akihema kama aliyeibuka kutoka majini. Hapa pwani huyo huambiwa kakabwa na jinamizi. Hospitalini wanaita apnia ya usingizi, na wanahesabu: kila mara pumzi inapokatika au kupungua sana kwa sekunde 10 au zaidi ni tukio moja. Matukio 5 kwa saa ndipo ugonjwa unapoanzia. Yakizidi 30 ni mkali. Nilipopimwa Dar es Salaam nilikutwa na 38. Jinamizi langu lilikuwa likinitembelea karibu kila dakika na nusu.

Mashine inachofanya ni kusukuma hewa kupitia bomba na barakoa ili koo lisiporomoke. Nguvu yake hupimwa kwa sentimita za maji, na mashine nyingi za nyumbani hufanya kazi kati ya 4 na 20. Ukitaka kujua hiyo ni nguvu kiasi gani, chovya mrija wa soda kwenye glasi ndefu ya maji, kina cha sentimita 10, kisha pulizia mpaka mapovu yatoke. Basi, hiyo ni 10. Ni nguvu ndogo, mtoto anaiweza. Na kwa kuwa ni ndogo, mwanya mdogo tu kati ya silikoni na shavu unatosha kuipoteza, na usiku mzima ukaenda bure huku mashine inanguruma.

Mgunduzi wake, Colin Sullivan wa Sydney, Australia, alichapisha matokeo yake ya kwanza mwaka 1981. Wagonjwa wake wa mwanzo walikuwa wakibandikwa barakoa puani kwa gundi ya silikoni kila usiku na kuibandua kila asubuhi. Nikiona uvivu wa kuosha, huwakumbuka hao.

Sasa tuanze na mafuta, maana ndiyo mwizi wa kwanza. Uso hutoa mafuta na jasho usiku kucha, na sisi watu wa pwani tunaongezea: mafuta ya nazi baada ya kuoga, losheni, hata liwa kwa wengine. Mafuta hayo hukaa kwenye ukingo wa silikoni, ukawa unateleza. Ukiteleza, hewa inavuja, mara nyingi kuelekea machoni, ukaamka macho makavu kama yana mchanga. Unachofanya ni kukaza mikanda. Mikanda ikikazwa, ukingo unabanwa ukapoteza umbo lake na kuvuja zaidi, na kwenye kishina cha pua panatoka kidonda. Halafu mtu analaumu saizi ya barakoa. Tena mafuta hayaishii juu. Silikoni huyanywa polepole, ikalegea na kubadilika rangi. Ndiyo maana sehemu hii huoshwa kila siku wakati nyingine zinasubiri wiki.

Mimi nimeifunga kazi hii kwenye udhu wa alfajiri ili nisiisahau. Nikishatawadha, naichomoa silikoni kwenye fremu, naitia kwenye beseni lake peke yake. Nasema lake peke yake kwa sababu beseni la kufulia huwa na sabuni ya unga iliyojificha kwenye mikwaruzo. Maji ya vuguvugu, kama nyuzi joto 30, ya kumwogeshea mtoto mchanga. Kwa Tanga, maji ya bomba miezi mingi yamekwisha kuwa hivyo bila kuwasha jiko. Sabuni ni ya kawaida isiyo na harufu, isiyo na mafuta ya kulainisha ngozi, isiyojinasibu kuua vijidudu. Hapo pana mtego: sabuni nyingi za maji za kuoshea vyombo madukani zina harufu ya limau, na manukato ya jamii hiyo ni miongoni mwa vitu ambavyo watengenezaji wanavikataza. Natumia kipande cheupe kisicho na mbwembwe, nasugua kwa vidole tu, pande zote mbili za ukingo, kisha nasuuza mpaka silikoni ilie ikisuguliwa. Sabuni iliyobaki huwasha uso usiku, na mtu akadhani ana aleji ya barakoa. Zoezi zima halifiki dakika tatu.

Nusu nyingine ya kazi iko usoni. Kunawa uso kwa sabuni kabla ya kulala, na kuacha kupaka mafuta pale barakoa inapokaa, kulinipunguzia uvujaji kuliko kukaza mikanda kulivyowahi kunisaidia. Mama watoto alilalamika kwamba nimepauka. Nikamwambia achague, kupauka au kukoroma.

Mikanda ya kichwani ni kitambaa cha kunyumbuka, na huharibiwa na jasho na chumvi yake zaidi ya kitu kingine. Mara moja kwa wiki inatosha, kwa mkono, bila kukamua kwa kusokota. Ukiisokota kama tambara la deki, nyuzi za lastiki zinakatika ndani usione, na baada ya miezi miwili unakaza mpaka mwisho na bado inateleza. Ile sehemu ya kunatia ya velkro ifunge kabla ya kuosha, la sivyo itaichuna mikanda yenyewe. Na kabla ya kuifungua mara ya kwanza, ipige picha kwa simu. Mimi nilikaa nusu saa nikitafuta upande wa juu.

Uchafu wa pili hauko kwenye barakoa. Uko kwenye kitangi cha maji kinachoongeza unyevu kwenye hewa. Aliyewahi kuingia mapango ya Amboni, hapo kaskazini mwa mji, ameona mawe yanayoning'inia darini kama mishumaa. Yametengenezwa na maji yaliyodondoka, yakaacha chokaa yao nyuma, tone kwa tone. Kitangi cha mashine ni Amboni ndogo, tena yenye haraka, maana kina sahani ya moto chini yake. Maji yanaondoka kama mvuke; chokaa na chumvi haziondoki. Zinabaki kama utando mweupe, uleule wa kwenye birika. Bomba likikauka mtaani tukarudi kwenye kisima, utando huo hujitokeza ndani ya siku chache.

Hapa ndipo watu wengi hujidanganya kwa kuchemsha maji. Kuchemsha kunaua vijidudu, na hilo ni jema, lakini sehemu kubwa ya chumvi inabaki palepale, na kwa kuwa maji yamepungua, iliyobaki inakuwa nzito zaidi. Kinachotakiwa ni maji yaliyotoneshwa, yaani yaliyofanywa mvuke kisha yakapozwa kuwa maji tena. Ukiyaulizia dukani unaweza kuelekezwa kwa muuza vipuri: "Nenda kachukue maji ya betri." Tafadhali sana. Kwa jina hilohilo la maji ya betri, kuna wauzao maji yaliyotoneshwa na kuna wauzao asidi, na hata yale yasiyo asidi hayakutengenezwa yaingie mapafuni mwa mtu. Tafuta kwenye maduka ya vifaa vya maabara na hospitali. Ukiyakosa kwa siku kadhaa, maji ya kunywa ya chupa yanavumilika. Yataacha utando, lakini utando unaondoka.

Unaondoka kwa siki, na hapa tu ndipo siki ina kazi. Utando huo ni wa jamii ya chokaa, siki ni asidi hafifu, wanafunzi wangu wa kidato cha pili wanajua kinachofuata. Kijitabu cha mashine yangu kinasema sehemu moja ya siki nyeupe kwa kumi za maji. Vya wengine vinakubali kali zaidi, kwa hiyo fuata chako. Loweka, sugua, suuza vizuri. Usiitie siki kwenye silikoni wala mikanda, na usiichanganye kamwe na dawa ya madoa. Vitu hivyo viwili vikikutana hutoa gesi ya klorini, ambayo katika Vita vya Kwanza vya Dunia ilikuwa silaha.

Kila asubuhi maji yaliyobaki hutupwa. Hayajaziwi mapya juu ya ya jana hata kama yanaonekana safi. Nitaongeza la kwangu: kwa hewa hii yetu, yenye unyevu wa kuota kuvu kwenye viatu kabatini, kitangi chenyewe hakihitajiki kila usiku. Kiliwekwa ili pua isikauke. Kuanzia Machi mpaka Mei, masika ikiwa imetamalaki, mimi nakizima kabisa na pua haijawahi kudai. Mwenye kiyoyozi hali yake ni tofauti: chumba kikipoa sana huku hewa ya bombani ina mvuke wa moto, mvuke unageuka matone ndani ya bomba na kumchuruzikia usoni saa nane za usiku. Huyo apunguze unyevu kwenye mashine au alivishe bomba kitambaa.

Sasa kuvu, ambao kwa Tanga ndio adui mkubwa, na ambao hawashindwi kwa sabuni. Wanashindwa kwa ukavu. Vijitabu vya mashine vinazungumza sana juu ya kuosha na vina mstari mmoja juu ya kukausha, nadhani kwa sababu viliandikwa na watu wanaoishi kwenye hewa kavu. Bomba lenye mikunjomikunjo likioshwa hapa jioni halikauki mpaka kesho, na matone yaliyokwama kwenye mikunjo ni shamba tosha. Mwaka wangu wa pili niliinua bomba dirishani nikachungulia kama darubini, nikaona vidoa vyeusi vimejipanga katikati kama mbegu za papai. Nilikuwa nikiliosha kila Jumamosi bila kukosa.

Siku hizi nalisafisha asubuhi tu: maji ya sabuni yanapita ndani, nalitikisa, nasuuza, kisha nalining'iniza msumarini katikati yake, ncha zote mbili zikitazama chini. Halafu, na hili ndilo lililobadilisha mambo, nalichomeka kwenye mashine bila barakoa na bila maji, naacha hewa ipite dakika kama kumi. Mashine yenyewe ni feni; kwa nini tusiitumie?

Jua je? Sisi kila kitu tunaanika, hata godoro. Lakini miale ya jua huichakaza silikoni na kuifanya fremu iwe ya njano na yenye kuvunjika. Kivuli chenye upepo kinatosha, barazani upande wa ndani, juu ya kanga safi. Funika kwa kipande cha chandarua. Sisimizi wanapenda mahali penye unyevunyevu na giza, na kuvuta pumzi yenye sisimizi ni jambo ambalo sitalieleza zaidi.

Wapo wanaouza visanduku vya kusafishia kwa gesi ya ozoni au kwa mwanga wa urujuanimno, na jamaa walioko ughaibuni huvituma kama zawadi. Februari 2020 mamlaka ya dawa na vifaa tiba ya Marekani ilitahadharisha kwamba haikuwa imeidhinisha vifaa hivyo kwa kazi hiyo, na kwamba ozoni inaweza kuwasha mapafu. Kisha Juni 2021 kampuni ya Philips ikaita mamilioni ya mashine zake kwa sababu sponji ya kupunguza kelele ndani yake ilikuwa ikimomonyoka na kupulizwa kwa anayevuta hewa. Ozoni, pamoja na joto na unyevu, zilitajwa kuwa huchochea mmomonyoko huo. Naitaja habari hii kwa sababu mashine nyingi hapa kwetu zilifika ndani ya sanduku la mtu, zikiwa zimetumika. Kama yako ni ya kampuni hiyo na ni ya kabla ya tarehe hiyo, ingiza namba yake kwenye tovuti yao uone.

Kuna tundu moja ambalo halipaswi kuzibwa na kuna moja ambalo watu husahau lipo. La kwanza ni yale matundu madogo mbele ya barakoa, yanayotoa upepo mwembamba ukiweka kiganja. Anayeiona mara ya kwanza hudhani inavuja. Mwanafunzi wangu mmoja alipendekeza gundi. Hewa unayotoa puani hupitia hapo, na yakizibwa utakuwa unavuta tena kaboni dayoksaidi yako mwenyewe. Yasugue kwa mswaki laini. Usitumie sindano, inayapanua. La pili liko kwenye barakoa zinazofunika pua na mdomo: kilango cha usalama, kiulimi laini kinachofunguka mashine ikizimika ili usikose hewa. Baada ya kuosha kitazame. Kama kimekwama kwa sabuni au kimepinda, barakoa hiyo haivaliwi.

Chujio nyuma ya mashine sitalisema sana. Lile jembamba jeupe halioshwi, linabadilishwa, kila mwezi au mapema likigeuka kijivu. La sponji nyeusi, kwa mashine zenye nalo, huoshwa na kukaushwa kabisa. Ila chetezo kisikae chumba kimoja na mashine inayofanya kazi. Chujio linazuia vumbi, halizuii moshi vizuri, iwe wa udi au wa dawa ya mbu ya kuchoma. Nguo zifukizwe, chumba kifukizwe, moshi ukiisha ndipo tulale.

Kubadilisha vipuri ndiko kunakotutesa zaidi. Utasikia kwamba silikoni ni mwezi mmoja, bomba miezi mitatu, mikanda sita. Hesabu za namna hiyo zinafanana na ratiba za bima za Marekani: Medicare, bima ya wazee ya huko, hulipia bomba kila miezi 3 na mikanda kila miezi 6. Hiyo ni ratiba ya malipo. Mpira wangu wa sasa, yaani hiyo silikoni, una miezi saba na haujavuja. Tazama kitu chenyewe: silikoni iliyofifia, iliyokakamaa au yenye mpasuko, mikanda isiyorudi ikivutwa, bomba lenye doa lisilotoka. Mashine nyingi huandika kiasi cha uvujaji kila asubuhi. Namba ikianza kupanda wiki hata wiki, usikaze mikanda, kagua mpira.

Ukimwagiza mtu, mpe jina kamili la barakoa na saizi. Mwambie pia aangalie kama vifungo vyake vina sumaku. Mwaka 2022 Philips, na mwaka uliofuata ResMed, kampuni nyingine ya barakoa hizi, zilitahadharisha kwamba sumaku hizo zinaweza kuvuruga kifaa cha kuongoza mapigo ya moyo na vyuma vingine vilivyopandikizwa mwilini. Tahadhari hiyo inamhusu hata anayelala pembeni yako.

Hilo la mwisho ndilo lililomshtua jirani yangu, maana mkewe ana kifaa hicho kifuani. Tukaigeuza barakoa chini ya taa. Vifungo vilikuwa vya kubana, vya plastiki tupu. Nikampa mpira wa akiba aliouleta mpwa wangu kutoka Muscat, bahati saizi ni moja, na kipande cha sabuni nyeupe. Akakinusa.

"Hakina harufu," akasema, kwa mashaka.

"Ndiyo, mzee."

"Sasa nitajuaje kama kimesafisha?"

Nikamwambia asubuhi amuulize bi mkubwa kama alisikia mluzi.